Wimbo wa Boke

Mugumu, Serengeti
Jumapili, 6 Julai 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako la kushoto linastahimili baridi ya mwezi huu. Mimi ni mzima. Tulirudi shuleni salama na masomo ya kidato cha tatu yanaendelea vizuri, isipokuwa Fizikia. Kwa kuwa simu haziruhusiwi, barua zangu atazileta Mwalimu Emanueli wa Jiografia. Kwao ni Genkuru, na ameahidi kukukabidhi mkononi.

Bibi, je, umesikia? Jana tulikuwa tunafagia ofisi ya walimu na redio ilikuwa imewashwa. Walitangaza kwamba Nyota Sita watapiga pamoja tena, uwanja wa mpira Tarime, Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa nane mchana. Walisema ni mara ya kwanza tangu bendi ivunjike mwaka 1991. Niliangusha fagio.

Jioni niliwasimulia wenzangu bwenini kama ulivyonisimulia wewe: kwamba mwaka 1984 ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukaenda kuwaona Tarime, na Ogola, mwimbaji wao, akaliita jina lako ndani ya wimbo. "Boke, ee! Boke, ee!" Niliwaambia kwamba hata mimi naitwa Lilian Boke kwa sababu yako. Wasichana walipiga makofi.

Lakini nikiwa peke yangu naogopa kidogo. Ogola sasa ni mzee. Je, kama sauti imekwisha? Je, kama akikuona na asikukumbuke? Tafadhali niandikie kama utakwenda.

Mjukuu wako akupendaye,
Lilian


Genkuru
13 Julai 2025

Boke mdogo, mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi nipo, na goti lipo, tunaishi pamoja kama ndugu wasiopatana. Mama yako Mogesi alipiga simu kutoka Musoma, anakusalimu na anasema ule vizuri.

Tangazo nimelisikia. Hapa kijijini hakuna linalosemwa zaidi ya hilo. Kila jioni watu wanapiga simu redioni. Mmoja alisema Nyota Sita wamebaki watatu, basi waitwe Nusu Nyota. Mwingine alisema wataweka flash, spika iimbe, wao watingishe midomo tu. Erasto katekista anasema wanakuja kuharibu kumbukumbu nzuri, bora wangebaki kwenye kaseti. Wengine wanaogopa ugomvi. Ogola na Nashoni, yule Mkurya mwenzetu wa gitaa la solo, hawajasalimiana miaka thelathini na minne. Nashoni aliwahi kuapa mbele ya watu kwamba hatapanda jukwaa moja na Ogola mpaka mmoja wao awe ndani ya jeneza. Mimi naogopa vyote hivyo kwa pamoja.

Lakini nitakwenda. Nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Mwaka ule Ogola aliponiita, niliinamisha kichwa nikatoka nje. Niliona aibu, kaka zangu walikuwepo. Wimbo ukaisha bila mimi. Mwaka uliofuata niliolewa, akazaliwa Mogesi, na tangu hapo naitwa Mama Mogesi. Shambani, kanisani, hospitalini. Jina langu lilibaki kwenye kaseti. Mara mbili imekatika, nami nikaiunga kwa rangi ya kucha.

Safari hii akiniita nitasimama, ninyooshe mkono, watu wote waone. Nimeshawaambia akina mama wa jumuiya. Gauni la kijani liko kwa fundi.

Bibi yako


Mugumu
20 Julai 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Habari za huko? Je, goti linaendeleaje? Sisi hatujambo. Mabomba yalikauka tangu Jumanne na tulikuwa tunachota maji kwa ndoo, lakini jana yalirudi.

Bibi, nimefikiri sana kuhusu tarehe 9. Nadhani Erasto katekista ana hoja. Jua la saa nane ni kali, na viti havitawatosha watu wote. Pia kama Ogola na Nashoni wakianza kupigana, wewe huwezi kukimbia. Pengine ni bora ubaki nyumbani usikilize kaseti. Tukifunga mwishoni mwa Agosti nitakuja tuisikilize pamoja.

Kama ni lazima uende, basi kaa nyuma. Na tafadhali usisimame.

Samahani, barua ni fupi. Kengele imelia.

Mjukuu wako,
Lilian


Genkuru
26 Julai 2025

Boke mdogo,

Marahaba. Mimi si mzima wala si mgonjwa, nimekaa tu na barua yako mapajani.

Usisimame? Wewe uliyeangusha fagio? Mtoto niliyemlea hawezi kugeuka hivyo kwa sababu ya jua. Kengele haikulia, Lilian. Mwandiko wako ulikuwa umetulia mpaka mwisho. Kuna kitu umekisikia. Ogola amekufa? Au yuko hai lakini akili imeondoka? Niambie. Usiku silali vizuri, nahesabu mambo ambayo yanaweza kuwa.

Waisiko jirani ndiye ananimaliza. Jana kisimani, mbele ya watu, alisema: "Mama Mogesi, huyo mwanaume akilitaja jina lako, mimi nitakubeba mgongoni kutoka Tarime mpaka hapa Genkuru." Wakacheka wote. Nikamwambia aanze kula ugali wa kutosha. Lakini nilipofika nyumbani na kushusha ndoo, nikamwaga nusu ya maji.

Gauni limekwisha. Linanibana kidogo mabegani.

Niandikie ukweli kabla ya tarehe 9. Hata kama ni mbaya.

Bibi yako


Mugumu
Jumatano, 30 Julai 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Naomba uketi kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Ogola yuko hai. Ni jambo jingine. Siku tulizokuwa tunachota maji nilikuwa kwenye foleni na ndoo yangu, naimba ule wimbo. Nyuma yangu alikuwepo Abonyo, msichana Mjaluo wa bweni letu. Aliuliza, "Unaimba nini?" Nikamwambia ni wimbo wa bibi yangu, jina lake limo. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema taratibu, "Lilian, hapo hakuna Boke. Hapo anasema pok."

Bibi, pok ni neno la Kijaluo. Maana yake ni "bado". Abonyo aliufahamu wimbo wote, babu yake anao. Ni mtu aliye safarini. Mama yake anamuuliza, umefika? Naye anajibu, "Pok, ee! Pok, ee!" Bado, bado. Ogola hakumwita mtu yeyote.

Nilimkasirikia Abonyo. Sikuongea naye siku nne, ingawa hakunicheka na hakumwambia mtu. Halafu nikajaribu kukuzuia kwa hoja ya jua, na huo ulikuwa uongo. Nisamehe.

Tumefundishwa kusema ukweli, lakini hatukufundishwa usemwe lini. Nikinyamaza, nakuona umesimama katikati ya uwanja, mkono juu, na gauni la kijani, na Wajaluo wote waliopo wanajua. Nikisema, ninakunyang'anya kitu ulichokitunza miaka arobaini na mmoja. Nimeogopa vyote viwili. Mwishoni niliona afadhali uumie ukiwa nyumbani kwako, mlango umefungwa, kuliko mbele ya Waisiko.

Tafadhali nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Lilian


Mugumu
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Sijui kama wewe ni mzima, na safari hii siulizi kwa mazoea.

Mwalimu Emanueli alirudi tarehe 3. Nilimngoja getini. Alisema, "Nilimpa mkononi. Aliisoma amesimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisubiri, hakunipa jibu." Tangu siku hiyo chakula hakinipiti.

Bendi ilipiga jana. Saa nane mchana tulikuwa kwenye maandalio ya masomo, nami nilikuwa naitazama saa ya ukutani. Sijui kama ulikwenda. Redio ya walimu imeharibika. Abonyo amekaa nami leo baada ya ibada, akanishika mkono.

Hata kama umenikasirikia, andika kwamba umenikasirikia.

Lilian


Genkuru
14 Agosti 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Hilo nimelitanguliza ili ule.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Halafu nikaweka kaseti. Ni kweli. Ukishajua, unasikia pok. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, mpaka betri zikaisha. Nilikukasirikia siku mbili, ingawa hukukosa. Siku ya tatu nilimwendea Dorah, yule Mjaluo anayeuza nyanya gulioni.

"Dorah, kwenye wimbo wangu yule mtu anasema nini?"

Aliendelea kupanga nyanya. "Anasema pok."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ulipouimba hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba vizuri, Mama Mogesi."

Nikaamua nisiende. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshika jembe, Waisiko akapita. "Leo si siku yako? Au umeogopa?" Nilikuwa nimeogopa kweli, lakini si yeye wa kuniambia. Nikavaa la kijani. Kwa hiyo nilikwenda kwa hasira, si kwa matumaini, naye akanifuata ashuhudie. Nilikaa nyuma kama ulivyotaka, mikono mapajani.

Walikuwa watatu kweli. Ogola aliimba akiwa kwenye kiti cha plastiki. Nashoni alipandishwa jukwaani ameshikwa mkono, macho yake hayaoni tena. Hawakusalimiana. Mtu wa ngoma alikaa katikati yao kama mwamuzi. Nyimbo tatu za kwanza zilikuwa mbaya, Lilian. Kila mmoja alikwenda njia yake. Vijana wakaanza kuondoka, mmoja akapiga kelele, "Wazee, wekeni flash!" Watu wakacheka. Niliwaonea huruma. Nilisahau hata jambo langu.

Ndipo gitaa la Nashoni likaanza wimbo ule. Vidole vyake havikuzeeka. Waliokuwa wanaondoka wakageuka. Ogola akaimba mama anavyouliza, umefika? Alipofikia jibu, pumzi ikamwishia. Mdomo wazi, hakuna kitu. Nilishika kiti kilichokuwa mbele yangu kwa mikono miwili.

Nashoni akainama kwenye maiki yake, akaitikia peke yake. "Boke, ee."

Hakusema pok. Magoti yangu ni mabovu lakini masikio ni mazima. Alisema Boke.

Kulia kwangu mama mmoja mwenye fimbo akasimama akanyoosha mkono. Mbele kabisa akasimama mwingine. Chini ya hema, wawili. Mjukuu wangu, wote ni akina Boke! Kila mmoja ametoka kijijini kwake na wimbo wake. Nilihesabu saba, na kabla sijajua nafanya nini, wa nane nilikuwa mimi. Mkono juu.

Ogola alipopata pumzi alisema kwenye maiki, "Nashoni, mimi niliandika pok."

"Wewe uliandika pok. Mimi niliitikia Boke. Tangu siku ya kwanza."

"Miaka yote hiyo nilikwambia unaniharibia wimbo! Boke yupi?"

"Mimi sioni. Niambie wamesimama wangapi."

Ogola akatuhesabu kwa kidole, polepole, mpaka huku nyuma nilikokuwa. "Kumi na mmoja."

"Basi ni hao."

Ogola alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainuka, akavuta kiti chake akakiweka kando ya kiti cha Nashoni, wakauanza wimbo upya. Sauti haikuwa ile ya kaseti. Hakuna aliyeondoka.

Kama Boke wake ni mimi, sijui, na sikumfuata kumuuliza. Ila jambo moja ujue. Ungeninyamazia, ningekaa mbele, nikasimama kwa kujivuna, na wale kumi ningewaona wezi. Kwa kuwa nilijua, niliwaona wenzangu. Baadaye tulinunua soda tukakaa pamoja, kila mmoja anaitwa kwa jina lake, na kila jina likiitwa tunageuka wote.

Mwambie Abonyo nimesema ero kamano, asante kwa lugha yake. Dorah ndiye ameniandikia.

Waisiko amekataa kunibeba. Anasema kutaja akina Boke kumi na mmoja si kunitaja mimi, na mgongo unamuuma. Leo kisimani ameniuliza kama sasa sijazeeka vya kutosha kuacha mambo ya bendi. Nimemjibu kwa neno lile moja la Kijaluo.

Bibi yako,
Boke