Baba Alisema "Sisi"

Asunción, 9 Septemba

Kaka yangu Anacleto,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Hujambo wewe? Wifi Norma na watoto hawajambo? Baridi ya Buenos Aires imepungua? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula kidogo, mkate wa chipa anaunusa tu na kuurudisha mezani, lakini anatembea.

Barua yako niliipata. Umesema hukuja kumzika Baba kwa sababu Mbuluu wa kweli hasimami kwenye kaburi la msaliti. Mama sikumsomea. Nilimwambia umekosa nauli.

Acha nikueleze, maana yaliyokufikia huko ni ya televisheni. Unajua Bunge liligawanyika sawasawa, Wabuluu arobaini, Baba akiwemo, Wekundu arobaini, na kiti cha Spika kikawa mfupa wa mbwa wawili. Bi Leticia, mtengeneza filamu, akatuajiri watu watatu tutafsiri Kiguarani kwa Kihispania. Kamera zake zilishinda bungeni wiki sita, na kila Jumapili kipande kilirushwa. Watu waliacha hata mpira. Baba alicheka aliponiona mle, akaniambia nisimsogelee, wasije wakasema mzee ananitafutia ulaji.

Jumapili ya tatu wakamwonyesha koridoni, pembe ya kinywaji cha tereré mkononi, anaongea na mtu asiyeonekana. Sauti yake ilishushwa, na juu yake msomaji akasema kwa Kihispania: "Sisi tuliiba mabati ya zahanati."

Kesho yake Wekundu waliyachora maneno hayo kwenye mabango. Wabuluu wenzake wakamngoja ngazini. "Don Porfirio, hicho kitambaa umekifulia sabuni ya Wekundu?" "Mzee, si ungewapa na funguo kabisa!" Kamati ya chama ikamwita. Alipoulizwa kama maneno ni yake, alikubali. Alipoulizwa nani aliyatafsiri, alisema yeye hawajui watu wa filamu. Wakamvua kitambaa cha buluu shingoni, kile alichokivaa tangu ujana, na siku ya kura wakamzuia mlangoni. Wekundu walishinda, arobaini kwa thelathini na tisa. Hilo nalo akabebeshwa yeye.

Hakumaliza miezi miwili, moyo ukasimama. Babu tulimzika kwa kitambaa cha buluu juu ya jeneza, unakumbuka. Baba tulimfunika shuka la Mama. Katika chama chake hakuja hata mmoja. Aliyekuja ni Doña Herminia, mbunge wa Wekundu, akasimama getini analia, na majirani wakamtazama vibaya.

Sasa kaa kitako, kaka. Yule asiyeonekana kwenye picha alikuwa Doña Herminia. Na Baba hakusema ore, alisema ñande. Kiguarani hujakisahau: ukisema ore, unayezungumza naye umemfungia nje, ukisema ñande, naye yumo. Alikuwa akimwambia kwamba yeye na mama yule, chama hiki na kile, wote waliiba, na warudishe pamoja kabla hawajagombea kiti. Kihispania kina "sisi" moja tu, lakini maneno mawili yangetosha: "pamoja nanyi."

Niliyaandika, Anacleto. Mtafsiri nilikuwa mimi. Niliyaandika, kisha nikayafuta. Bi Leticia aliniuliza kama mzee alisema hivyo hasa, nikajibu ndivyo. Hakuna aliyenilazimisha. Sentensi fupi ilikuwa kali zaidi, nami nilitaka mji mzima uizungumze filamu yetu. Sikudhani wangemla mzima mzima.

Baba alijua. Siku ile nilisimama nyuma ya kamera na aliniona. Jumapili ile alirudi nyumbani, akaniuliza kama nimekula, akanikatia kipande cha mkate wa sopa. Hakulitaja hadi anakufa. Laiti angenipiga.

Ijumaa nitaipelekea kamati sauti yake tupu, bila msomaji. Wanifanye watakavyo, hilo siliogopi. Linalonishinda ni la asubuhi. Kila siku nikiamka naunganisha viganja mbele ya Mama kama tulivyofunzwa, naye ananibariki. Halafu, mkono wake ungali kichwani pangu, anamlaani aliyetafsiri maneno ya mumewe.

Njoo, kaka. Njoo unisaidie kumwambia.

Wabusu watoto, na wifi mpe heshima zangu.

Mdogo wako,
Eladia