Tundu la Swichi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimetengeneza redio mbili asubuhi. Baadaye roketi. Mwalimu Agatha, anayefundisha fizikia sekondari, ameijenga na wanafunzi wake. Mimi nimepewa kutoboa tundu la swichi. Swichi yenyewe iko ndani, kwenye chumba cha betri na mtambo wa kufungua parachuti. Huwashwa kwa bisibisi kutokea nje, roketi ikiwa imeshasimamishwa. Kwa hiyo tundu lazima litazamane na swichi.
Halitazamani. Nilipiga alama chumba kikiwa kimegeuzwa. Nimekosea kwa upana wa kidole. Na bomba hilo, mwili wa roketi, Mwalimu kalitengeneza wiki tatu, karatasi na gundi.

Jumanne, 5 Agosti
Sikumwambia. Nimeikamata swichi kwa koleo, nikaisukuma mpaka ikalielekea tundu, nikaigandisha kwa gundi. Waya umevutika. Nimeuona umevutika.
Jioni kapita dukani. "Fundi, limekaa sawa?"
"Limekaa, Mwalimu."
Akashukuru sana. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Agosti
Dakawa, pembeni ya mashamba ya mpunga. Niliwasha swichi, mtambo ukalia vizuri. Nikashusha pumzi. Roketi ikapanda, wanafunzi wakashangilia. Parachuti haikufunguka. Upepo ukaipeleka roketi mashambani, ikashuka kichwa chini, ikatoboa paa la kibanda cha kuamia, cha kufukuzia ndege wanaokula mpunga.
Bi Mwanaidi, mwenye shamba, alikuwa ametoka kibandani muda uleule ili aitazame. Angebaki ndani tungeua mtu.
Mwalimu alimpigia magoti. "Nisamehe mama. Kosa langu, nilichomelea waya vibaya."
Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefungua mabaki. Waya umekatika palepale nilipovuta. Nimeutia kwenye droo.

Jumanne, 12 Agosti
Mwanafunzi mmoja kaleta simu kutengeneza, kaniambia. Mwalimu kamwandikia mkuu wa shule kwamba kosa ni lake peke yake. Klabu ya roketi imefungwa.


Jumatano, 13 Agosti
Nimekwenda nyumbani kwa Mwalimu, Bigwa, waya mkononi. Nimesema yote, tangu ile alama. Aliugeuzageuza waya, hakunitazama.
"Siku nne, Fundi. Siku nne najiona nusura niue mtu, na wewe unajua."
Nikamwambia nitakwenda kwa mkuu wa shule.
"Nenda."
Hakunikaribisha ndani. Nilipofika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba sikumwomba hata radhi. Nikarudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikaiomba hapohapo mlangoni. Sijui kama alisikia.

Alhamisi, 14 Agosti
Mkuu wa shule kanisikiliza mpaka mwisho. Barua ya Mwalimu kaitoa kwenye faili. Klabu itafunguliwa muhula ujao. Mimi nisiguse chochote chao tena.
Haki yao.

Jumamosi, 16 Agosti
Dakawa, peke yangu. Nimeezeka kibanda nyasi mpya. Nilipomaliza nilimwendea Bi Mwanaidi, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kuwa kosa lilikuwa langu, si la Mwalimu.
Alilitazama paa jipya.
"Haya, ingia wewe ukae."
Nikaingia. Nimemwamia ndege mpaka jua lilipopoa. Kila kilipopita kitu juu, hata njiwa, nilijikunja.