Gitaa Ambalo Baba Atalisikia

Jumamosi, ukungu mtupu. Tangu asubuhi siioni hata mikaratusi ya jirani, na mimi mwenyewe nimekaa kama niliyesahauliwa ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Wiki nzima naota magitaa ya umeme. Ni mawili, yote yapo dukani kwa Rashidi kule Tanga, yote ya bei ya katikati: si ya kujifunzia, si ya mastaa. Jekundu ni zito, lina sumaku mbili pana za kunasa sauti, na mlio wake ni mnene, umetulia kama uji wa ulezi. La buluu ni jepesi, lina sumaku tatu nyembamba. Hilo linang'aa sikioni, ila ukilisogeza karibu na taa ya tyubu linanguruma.

Halafu kuna njia ya tatu: nibaki na jeusi langu hili ninalopigia kwaya, nilibadilishe sumaku tu. Rashidi anasema anazo zenye nguvu, zitapasua ukuta wa kanisa.

Mama amechoka kunisikiliza. "Mchagua jembe si mkulima," ananiambia, huku anamenya viazi.

Lakini Mama anajua ninachotafuta. Natafuta gitaa ambalo Baba atalisikia.

Baba ndiye aliyenifundisha. Nikiwa mdogo nilifanya mazoezi barazani na gitaa lake kuukuu, yeye akipalilia kabichi hapo mteremkoni, chini ya nyumba. Nikikosea, sauti ilipanda kutoka kwenye ukungu: "Rudia hapo!" Nilikuwa nachukia! Leo ningetoa chochote niisikie tena.

Masikio yake yalianza kutoa usaha. Tukatibu, usaha ukakauka, usikivu haukurudi. Siku ya kipaimara changu nilipiga solo ambayo nilikuwa nimeiandaa kwa ajili yake. Alikaa benchi la mbele, akanitazama vidole mpaka mwisho, akapiga makofi alipoona wenzake wanapiga. Baadaye akaniambia gauni langu limenipendeza.

Nililia chooni. Sioni aibu kusema.

Ndiyo maana ya ndoto zote hizi. Nilijiambia ipo sauti mahali fulani, nene au kali, itakayompata.

Leo mchana umeme ulikatika, nikakaa barazani nagusagusa jeusi hivyo hivyo, bila spika. Gitaa la umeme bila umeme linanong'ona tu. Baba akatokea bustanini na koti lake zito. Nikampigia shikamoo ya kelele, akaitikia marahaba kwa kusoma midomo yangu, akaketi kando yangu. Akainama aone nilivyozikaza nyuzi, na taya lake likagusa mbao ya gitaa.

Akaganda.

Nilidhani nimemuumiza, nikaacha kupiga. "Endelea," akasema.

Nikaendelea. Akalikandamiza taya zaidi, mtetemo wa nyuzi umwingie mfupani, akafumba macho. Mguu wake ukaanza kugonga sakafu, taratibu, na ulikuwa kwenye mdundo, jamani! Mama akatoka jikoni na kisu mkononi, akasimama mlangoni. Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye ngazi, na mimi nilipiga huku naogopa kupumua.

Mara Baba akafumbua macho, akakunja uso.

"Uzi wa pili umelegea. Rudia hapo."

Ni kweli umelegea! Kile kifunguo cha kukazia uzi wa pili huteleza kila baridi ikizidi. Mwaka mzima nimekuwa naukaza na kuusamehe, huku nasoma habari za sumaku. Nikacheka, nikalia, nikarudia hapo.

Basi, uamuzi umepatikana. Jekundu na la buluu yalale salama kwa Rashidi. Sumaku zenye nguvu apewe mwenye ukuta wa kupasua. Nitaagiza vifunguo vipya, seti nzima, vile imara visivyoteleza. Mbao hii siibadilishi kwa kitu.

Kesho ni Jumapili. Nitamwomba mwalimu wa kwaya kiti cha pili, kiwekwe ubavuni mwa changu. Watu watashangaa, mzee mzima ameegemeza taya kwenye gitaa la binti yake mbele ya usharika.

Washangae. Baba yangu atakuwa anasikiliza.