Mimi Si Gharama ya Mashine

Kaka Abrahamu,

Asubuhi nilimwona kwanza mbuzi: kavishwa kibandiko, "gharama ya uvumbuzi". Nikacheka. Kumbe ulikuwa unamsubiri mhasibu, mtoe gharama kwenye mrabaha, yale malipo unayopata kwa mashine uliyobuni ya kumenya kahawa, ili kodi yake ipungue.

Maharage yako motoni, yaongeze maji.

Kisha ukamwonyesha na mimi: "Huyu namlisha ugali, ananizungushia mpini wa majaribio." Mhasibu akauliza, "Anachakaa kiasi gani kwa mwaka?" Ukanitazama, ukajibu, "Taratibu."

Nimeenda Ikinga kwa shangazi. ~~Sirudi.~~ Nitarudi Jumapili. Kuku wafungie mapema.

Sijawahi kukwambia, kaka: ule mpini nauzungusha kwa sababu nakuonea fahari, si kwa sababu ya ugali.

Mdogo wako,
Marita