Sabo za Jean-Luc

Jumanne, 4 Machi 2025
Mvua. Mama Pulchérie ameshuka toka Mudende na kiatu cha mbao kilichopasuka. Cha bwana yake Jean-Luc, mkulima Mfaransa. Sabo, wanaita. Kijijini kwao wazee wote walikamua ng'ombe wakiwa navyo miguuni. Tope haiingii, na unaviacha mlangoni. Mabuti ya plastiki hataki hata kuyaona.

Anataka nimchongee jozi mpya. Nikamwambia mi natengeneza vitanda.

— We jaribu tu, papa Kabera. Dada yake anamuita arudi Ufaransa. Iko na tiketi. Eti anaenda kusalimia! Mutu wa kusalimia anabeba nguo zote?

Donc kazi yangu ni kumfunga mzungu miguu. Bon.

Ijumaa, 7 Machi
Tayari! Mkaratusi mkavu kabisa. Patasi imepoteza makali. Nikapaka na vernis — zinang'aa kama kabati ya harusi.

Jumatatu, 10 Machi
Jean-Luc amekuja kuzijaribu. Hatua mbili, akateleza mpaka kwa Abdu muuza chai. Abdu akamuuliza kama anataka na mandazi.

Alicheka sana. Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha Goma: sabo inachongwa mti ukiwa mubichi, kisha moshi unaukausha.

— Hii yako ni ya kucheza dansi, papa.

Na mimi maisha yote nafukuza mti mbichi hapa! Nje kulikuwa na gogo bichi la mti unaoitwa alnus, la kuni. Akalikata kidogo, likageuka rangi ya karoti. Kumbe mti wa jamii hiyo unaota mtoni kwao; baba yake alichongea sabo huo. Akaomba patasi. Tumechonga pamoja mpaka jioni.

Jumapili, 16 Machi
Sabo zimetoka moshini, yaani jikoni. Mke wangu ameninunia.

Wamekuja baada ya misa, Jean-Luc na suti. Akavua viatu vya ngozi, akatia nyasi kavu ndani ya sabo, akazivaa, akatoka. Ko! Ko! Ko!

— Muzee, nani amekupigilia kwato? — Abdu huyo.

— Kabera! Na nyasi amenipa ya kuvaa, hapana ya kula!

Wakapanda pikipiki, wakaenda zao. Gari ya uwanja wa ndege inamchukua kesho asubuhi. Viatu vya ngozi viko hapa mezani kwangu. Nimempigia Pulchérie. Kumbe aliviona wakati wa kuondoka!

— Wacha hapo hapo, papa. Usimupigie yeye. Yeye iko kwa ng'ombe, na sabo zake miguuni.