Baiskeli ya Siraje

Jumatatu, 4 Agosti

Injini imefika. Siraje ameituma kwa basi kutoka Mbale, ndani ya gunia la sukari, imefungwa kamba kama kuku wa Idi. Ni ya mashine ya kukata nyasi. Kiwandani anakofanya kazi waliitupa, yeye akaiokota. Kabureta imeziba, kamba ya kuwashia imekatika, plagi nyeusi tii. Zawadi hiyo! Na mdogo wangu hakunipigia mimi simu. Alimpigia Afande. Mwisho wa mwezi kuna mashindano huko kwao, ya kirafiki, ya watu wanaopenda kuchezea vyuma: kila mmoja alete baiskeli aliyoitia injini mwenyewe. Mshindi anapewa mbuzi, na mbuzi anachinjwa palepale, watu wote wanakula.

Afande ndiye baba yetu. Nakaribia miaka arobaini na bado namwita baba yangu kwa cheo. Tulizaliwa kambini, yeye alikuwa fundi wa magari ya jeshi, na nyumbani kwetu hata chai ilinywewa kwa amri. Sasa macho yamekwisha, anaona vivuli tu. Lakini leo amekaa barazani na injini mapajani, anaipapasa, na kila mpita njia wa Walukuba, mtaa wetu hapa Jinja, amepewa habari: "Siraje wangu anatengeneza baiskeli ya moto."

Siraje anatengeneza! Siraje yuko Mbale. Mikono yenye grisi hapa ni yangu mimi, Nusifa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata baiskeli. Topista, anayeuza petroli pale Masese kwenye mwalo, amenipa ile ya marehemu mumewe. Nzito, ya chuma cha zamani, ilibeba samaki miaka mingi. Nimeisugua kwa sabuni na majivu na bado inanuka mukene, dagaa wa ziwani. Paka wote wa mtaa wamekuja kuisalimia.

Fremu ni imara. Spoki za nyuma hazifai, nitazibadilisha zote. Wateja wangu wa pancha leo wamesubiri sana. Mmoja ameuliza kama siku hizi nimeacha kazi. Nimempa vidonge vyake.

Jumapili, 10 Agosti

Imewaka!

Nimeosha kabureta, nimeweka plagi mpya na kamba mpya. Petroli nimechukua kwa Topista. Yeye huuza iliyokwisha kuchanganywa na oili, kwa sababu injini za mitumbwi hazina mahali pengine pa kupatia oili — zinainywa humohumo kwenye petroli. Hii yangu ni ya aina hiyohiyo. Kule Masese hakuna anayewaza habari ya oili. Topista anawaza kwa niaba ya ziwa zima. Unapewa chupa yenye kitu cha kijani, unamimina, unaondoka.

Nimevuta mara nyingi hadi bega likauma. Kisha ikakohoa, ikapiga kelele, moshi ukajaa baraza. Afande ndani akapiga makofi. Nilitaka kulia. Nimekimbia kumwona, naye ananyoosha mkono kutafuta simu yake. "Ngoja nimwambie Siraje. Mashine yake imeamka."

Nimempa simu. Ningefanya nini?

Ijumaa, 15 Agosti

Kazi ya mnyororo imeniua. Injini imekaa juu ya kanyagio, mnyororo unakwenda upande wa kushoto hadi gurudumu la nyuma, na nimechomelea sproketi, kile kigurudumu cha meno, kwenye kitovu chake mwenyewe kwa mashine ya kuazima. Mara ya kwanza ilikaa upande. Mnyororo ukaruka, ukanipiga kifundo cha mguu. Nimekata, nimechomelea upya. Sasa umenyooka.

Baada ya swala nimeipanda hadi barabara ya Masese na kurudi. Watu wamesimama. Mwanamke amevaa suruali chini ya gauni, yuko juu ya baiskeli inayonguruma na kunuka samaki! Wamecheka, nami nimecheka nao. Kwa muda ule sikuwa na kinyongo na mtu.

Nimerudi, Afande yuko mlangoni. Alikuwa akisikiliza. Lazima niseme ukweli, masikio yake hayajazeeka. Amesema ikipanda inakosa pumzi, petroli inaingia kidogo, sindano ya kabureta ipandishwe. Nimepandisha. Kweli imekuwa tamu. Halafu akasema: "Mwambie Siraje. Hapana sahau. Siraje lazima ajue sindano iko wapi."

Nimekaa na bisibisi mkononi. Ndiyo, Afande.

Jumatano, 20 Agosti

Leo nimesema. Nilikuwa namwogesha miguu, na maneno yakatoka yenyewe. Nikamwambia hii baiskeli ninaitengeneza mimi. Siraje ametuma injini mbovu kwenye gunia, basi. Fremu ni mimi, sproketi ni mimi, tangi nimelikunja mimi kutoka kwenye kopo la rangi.

Akanipapasa kichwa, kwa upole kabisa, kama napewa likizo.

"Mimi najua, mama. Wewe unamsaidia ndugu yako. Hiyo nzuri."

Nimemfuta miguu. Nimemvalisha soksi. Nimekwenda kumwaga maji nyuma ya nyumba na nimekaa huko kitambo. Siraje alipokuwa mdogo alipewa spana achezee, mimi nilipewa sufuria nioshe, na spana nilizijua kwa kuziokota alipozitupa. Afande hakuona hilo hata macho yake yalipokuwa mazima. Inaniuma! Niandike tu, inaniuma, na sioni aibu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimepaka rangi ya buluu. Siraje amepiga simu, safari hii kwangu. Amejiandikisha kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye yuko Mbale, walitaka mtu wa pale. Ni jina tu, dada. Na kwa kuwa jina ni lake, itabidi apande yeye.

Ni jina tu. Sawa.

Alhamisi, 28 Agosti

Tuko Mbale. Afande amekataa katakata kubaki. Amevaa koti lake la kaki na kofia, amekaa dirishani njia nzima kama anakwenda kukagua gwaride, na haoni kitu.

Kondakta hapo Jinja alinitoa jasho. Baiskeli juu ya basi, hakuna shida. Mtungi wa petroli ya Topista, hapana! Hata iliyokuwa ndani ya tangi nimeimwaga mbele ya macho yake, hadi tone la mwisho, ndipo akanyoosha mkono kuipokea baiskeli. Mtungi nimemwachia dereva wa boda ampelekee Topista. Kwa hiyo hapa Mbale nitatafuta oili nichanganye mwenyewe. Nisisahau.

Siraje anaishi upande wa viwanda, nyumba safi, mkewe Khadija mtu mzuri. Ametupokea kwa malewa, yale machipukizi ya mianzi, na ndizi, na amenikatalia kuosha hata kikombe. Sijazoea. Nilikaa na mikono mapajani nisijue niiweke wapi.

Ijumaa, 29 Agosti

Majirani wa Siraje wamekuja kuiona. Imesimama uani, buluu, inang'aa. Afande yuko kwenye kiti kando yake, mkono juu ya tangi. Anaeleza! Sproketi ilivyochomelewa, sindano ilivyopandishwa, kila kitu sahihi kabisa, kwa sababu alisikia kila kitu kikitendeka barazani kwangu. Ila katika hadithi yake fundi ni Siraje. Majirani wanamtazama Siraje, na Siraje anatabasamu na kuangalia viatu.

Nimembana jikoni. Nikamuuliza, hivi huoni haya? Hakubisha. Hilo ndilo linalonikera kwake, habishi. "Dada, mimi najua ni wewe," kasema. "Mzee amezeeka. Muache afurahi."

Afurahi! Na mimi je? Mzee anafurahi kwa jasho langu, Siraje anasifiwa kwa jasho langu, na mimi ndiye ninaombwa kuwa na moyo mkubwa. Khadija alikuwa anakata vitunguu. Akasema polepole, bila kuinua uso, kwamba Siraje hajui hata upande mnyororo unakokaa. Nimempenda mwanamke huyu.

Jumamosi, 30 Agosti, asubuhi

Nimetoka na Khadija kumnunulia Afande maziwa. Tumerudi, tangi limejaa. Siraje ameamka mapema, ameisukuma hadi kituo cha petroli, ameijaza, ameifuta vumbi. Afande akasema, mnaona? Siraje anafikiria kila kitu.

Hata nafasi ya kujaza tangi nimenyang'anywa. Nilichemka. Nimeingia ndani kuvaa na sijamsemesha mtu. Watafute wenyewe njia ya kwenda uwanjani.

Jumamosi, mchana

Naandika nikiwa nyuma ya hema la wapishi, penye bomba. Niandike taratibu.

Uwanja mzuri, watu wengi, hakuna ugomvi. Kuna baiskeli yenye injini ya pampu ya maji, kuna nyingine ya wazee wawili wa Bubulo yenye viti viwili. Msimamizi ni Bwana Apollo, askari magereza, mcheshi sana. Kila baiskeli inazunguka mara mbili, na sehemu moja ina mwinuko mkali. Ikiharibika, unaruhusiwa kutengeneza hadi baada ya chakula, halafu unajaribu tena. Ni urafiki tu, kasema.

Ameita: Siraje. Siraje akapanda. Wakati ule alinitazama, akasogea mbele kidogo kwenye kiti, kama anataka kuniambia panda wewe. Afande akasema kwa sauti, twende kijana, twende! Akaenda.

Mzunguko wa kwanza — sijui niandikeje. Ilipanda ule mwinuko kama haupo. Watu walisimama. Injini yangu, iliyotoka kwenye gunia! Afande alikuwa amenishika mkono, amefumba macho yasiyoona, na machozi yanamtoka. "Sikia hiyo. Sikia. Hiyo ya Siraje."

Mzunguko wa pili Afande alinibana vidole. Mimi sikuwa nimesikia kitu bado. Alisema: "Inakaza." Kisha nami nikasikia. Sauti imekuwa nyembamba, kavu, inapanda juu, juu — halafu kimya. Pale katikati ya mwinuko. Siraje ameshuka, anavuta kamba, kamba haivutiki.

Ameisukuma hadi kwetu. Silinda ilikuwa ya moto haigusiki. Nikafungua tangi, nikachovya kidole. Hakuna ile rangi ya kijani. Nikaisugua kwa vidole, ikakauka mara moja. Ya Topista huacha utelezi mkononi hadi jioni. Hii ilikuwa petroli tupu, ile zinayokunywa boda zote za Mbale, na boda zina oili yake mahali pake. Siraje angejuaje? Hakuna aliyemwambia. Ilikuwa kazi yangu kumwambia, nilijiandikia mwenyewe Alhamisi nisisahau, na asubuhi hasira imeifuta kichwani pamoja na mengine yote. Nilikuwa nimenuna kwa ajili ya tangi lililojazwa, na sikuuliza limejazwa nini.

Siraje amesimama kando, ameshika kamba. Ameona nilivyosugua vidole. Amenitazama, na nikajua ameelewa kwamba ni petroli yake.

Afande naye alikuwa ameshafika, Khadija amemshika kiwiko. Akainama, akaweka kiganja karibu na silinda bila kuigusa, akanusa. Fundi wa jeshi. Hakuhitaji macho.

"Nusifa," kasema. "Baiskeli yako imekufa."

Yako.

Mwezi mzima nimelisubiri neno hilo. Barazani, jikoni, kwenye basi. Nimeliombea hata msikitini, Mungu anisamehe. Limekuja na chuma kilichoungua. Ikitembea ni ya Siraje, ikifa ni ya Nusifa! Nilitaka kucheka, nilitaka kumpigia kelele mbele ya Bwana Apollo na wazee wa Bubulo na mbuzi wao.

Akaendelea. "Imekosa oili. Petroli nani aliweka?"

Siraje akaniangalia mimi. Bado ameshika ile kamba.

Nimesema ngoja nikanawe mikono kwanza.

Nimekwisha kunawa. Silinda inapoa, na nikiimwagia oili kupitia tundu la plagi na kuisubiri, pengine pistoni itaachia. Pengine. Muda upo, bado wanapakua chakula. Lakini Afande hataki nishike spana kabla sijamjibu. Namjua. Nikisema ni Siraje, nimesema kweli, na atamsamehe palepale, atasema kijana aliharakisha kwa sababu ya mapenzi ya mashine yake. Mashine yake! Itarudi kuwa ya Siraje na kovu lake, na mimi nitakuwa dada ambaye hakumwambia. Nikisema ni mimi, basi ni yangu yote, pamoja na ufundi na ujinga. Na Siraje ataniangalia hivyo hadi nife.

Namwona Afande kutoka hapa. Amekaa kwenye kiti kando ya baiskeli, mkono juu ya tangi la buluu, kofia imeteleza upande. Siraje yuko hatua chache tu kutoka kwake, angeweza kumgusa.

Anaita. Haiti Siraje. Ananiita mimi.