Nimeyapaka Makaburi Manjano

Jumatano, Msambweni. Wingu limetanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nimetoka kwenye mafunzo ya ramani mchana na mpaka sasa sijatia kitu mdomoni.

Nilijiandikisha kwa shari tu. Miaka yote hii hapa bloguni napigana na kila anayekuja na karatasi inayosema ardhi yetu ni pori lisilo na mtu. Nikaona bora niijue silaha yenyewe. Na ni tamu, sitadanganya. Chini kuna picha iliyopigwa na setilaiti, juu yake unatandika matabaka kama mashuka: barabara ni mistari, visima ni nukta, mashamba ni maumbo yaliyofungwa. Ukibonyeza kisima, kinakutajia jina na kina chake.

Leo kila mmoja wetu alipewa kipande cha wadi kwenye kompyuta. Pasipo nyumba wala kilimo, paka manjano, maana yake ardhi tupu. Ijumaa ramani inakwenda ofisi ya mipango, na penye manjano patatafutiwa mwekezaji.

Mimi hupenda kumaliza wa kwanza. Nikapaka.

Kisha nikaiona njia. Uzi mweupe unatoka msikitini, unapita nyuma ya nyumba, unaingia kwenye mikorosho. Hautokezi upande wa pili.

Naijua njia ile. Niliitazama kutoka dirishani siku wanaume walipombeba mama. Kwetu wanawake hatufuati jeneza, kwa hiyo safari yangu naye iliishia pale dirishani. Sijui yuko chini ya mkorosho gani. Makaburi yetu hayana majina. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Setilaiti haioni mawe. Inaona majani.

Nimempaka mama yangu manjano.

Nilifuta. Mwalimu wetu, kijana mpole kutoka bara, akaja kuuliza kulikoni. Nikamrukia kwa maneno asiyostahili. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sasa madam, mimi ningejuaje?" akasema. "Picha inaonyesha miti tu. Ukiacha wazi, mwingine ataipaka tena. Si ubonyeze kila kaburi, liwe nukta?"

Nikasogeza kipanya. Mshale ukageuka kikono cheupe, kidole kimenyooka.

Watoto wote wa kwetu tulikatazwa kunyooshea kaburi kidole. Ukisahau, unakiuma upesi kabla hakijaoza. Nimesoma vitabu vya kujaza chumba, na mambo hayo nimeyacheka hadharani. Lakini kikono kile kilisimama juu ya majani, kinatafuta, na mimi nikahisi walio chini wanatazama juu kuona ni nani. Nilipozinduka, kidole changu cha shahada kilikuwa kati ya meno, mbele ya darasa zima.

Nikazima kompyuta.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo, ndugu yake marehemu, anayekaa jirani na msikiti. Nilimweleza yote nikingoja anikaripie. Aliendelea kukuna nazi. Akauliza tu kama na simu yangu inajua ramani. Nikamwambia inajua, ukitembea nayo inaacha mstari nyuma yako, na ukirudi ulipoanzia umbo linajifunga.

"Basi hapo hujanyooshea mtu kidole," akasema. "Tutazunguka kwa nje, mimi na wewe, mpaka tufunge."

"Na mama yuko wapi humo ndani?"

"Kwani mimi nilifuata jeneza? Wewe toa salamu kwa wote, mwanangu. Mamako atajijua."

Nimerudi nyumbani nikacheka kidogo, halafu nikalia sana.

Tunakwenda kesho baada ya sala ya alfajiri, kabla ya darasa. Simu imejaa chaji. Umbo bado halijachorwa, ila mahali pa kuandika aina ya ardhi nimeshaandika: inakaliwa. Anayebisha aje tubishane, ananijua.

Walio chini ndio nisioweza kubishana nao. Nitakaposimama pale njia inapoingia mikoroshoni na kutoa salamu, mimi niliyewapaka manjano, wataitikia?